Muulize Fundi: Kabla hujabonyeza Install, umeiuliza seva ina nini?

Habari za huko mliko. Mwezi huu maswali yamekuja mengi kuliko kawaida, mengine kwa meseji, mengine watu wamepita wenyewe kibandani hapa Ngamiani wakakaa kwenye benchi wakaeleza mpaka chai ikapoa, na nilipoyapanga nikaona karibu yote yanalia kilio kimoja: mtu kaweka plagini (kile kiprogramu cha kuongezea programu nyingine uwezo), imekubali, halafu kitu kikafa. Basi nimeyaweka pamoja. Majina nimeyaacha, anayejijua atajijua.

SWALI: Shikamoo fundi. Mie nasimamia nyumba ndogo ya wageni ya shangazi yangu huku Raskazone, vyumba sita tu. Tovuti yetu ni ya WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, nikanunua plagini ya kupokea buking na kumtumia mgeni risiti ya PDF. Nikaiinstoli, nikaiwasha, ikakubali, kalenda inaonekana, hata rangi nikabadilisha. Siku ya nne mgeni wa kwanza kabuku, alipofika kwenye risiti skrini ikamwandikia kuna hitilafu kubwa, na mie nikaletewa imeili ndefu ya Kiingereza, ndani yake kuna maneno haya: Call to undefined function mb_strtoupper(). Waliotuuzia plagini wanasema tatizo la hostingi, yaani wenye seva tunakokodi nafasi ya tovuti. Hostingi wanasema tatizo la plagini. Shangazi anasema tatizo ni mimi. Nifanyeje? Msomaji, Raskazone.

JIBU: Marahaba mwanangu, na shangazi mpe pole zangu, mwambie hujaharibu kitu.

Hayo maneno uliyonitumia ndiyo jibu lenyewe, watu huwa wanayafuta kwa sababu ya Kiingereza wakati mle ndani mgonjwa kataja anapoumwa. WordPress imeandikwa kwa PHP, lugha ya kompyuta inayofanya kazi kwenye seva, na PHP haiji na kila kitu ndani yake, ina viungo vya kuongezea vinavyoitwa moduli au ekstensheni, kila kimoja na kazi yake. Kuna gd ya kukata na kubana picha, curl ya kuongea na seva nyingine, zip ya kufungua mafaili yaliyofungwa, intl ya tarehe na namba za nchi mbalimbali, na kuna mbstring ya kushika herufi za lugha zote, zikiwemo zile zenye vinukta na Kiarabu na Kichina. Ile mb mbele ya jina ndiyo alama ya ukoo, ukiona mb_ chochote ujue ni mtoto wa mbstring. Na mb_strtoupper kazi yake ni kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa, basi. Kwenye risiti yako bila shaka ilikuwa inataka kuandika jina la mgeni kwa herufi kubwa, ikaitafuta mbstring kwenye seva, haipo, ikazimia na ukurasa mzima.

Utaniuliza, sasa mbona iliinstolika? Hapo ndipo wengi wanapotegwa. PHP haikagui maneno yote kwanza ndiyo ianze kazi, inajua kitu hakipo siku inapofika kwenye mstari unaokiita. Ni kama mtu anapika pilau, nyama kachemsha, vitunguu vimeshakuwa rangi, mchele umeoshwa, ananyoosha mkono kwenye kopo la bizari, kopo tupu. Mpaka hapo ukimwangalia unaona mpishi kamili. Kalenda yako haikuhitaji mbstring, rangi hazikuhitaji, risiti ndiyo imehitaji, na risiti inaitwa mgeni akishalipa tu. Na kuna jambo lingine linalozidi kuficha: WordPress yenyewe inabeba kiraka cha ndani cha vijikazi viwili vya mbstring, mb_substr na mb_strlen, kwa hiyo hata seva isipokuwa nayo tovuti inatembea kama kawaida na wewe unaamini ipo. mb_strtoupper haimo kwenye kiraka hicho.

Sasa la kufanya leo. Kama hostingi yenu ni ya cPanel, ule ukurasa wa kusimamia akaunti ya hostingi, ingia, tafuta Select PHP Version, mle ndani kuna kichupo kimeandikwa Extensions na orodha ndefu ya visanduku. Weka tiki kwenye mbstring, umemaliza, rudi kajaribu risiti na buking ya uongo. Ila angalia kitu kimoja juu ya ukurasa huo, kama vesheni iliyochaguliwa imeandikwa native basi visanduku havitakubali kuguswa, utabofya mpaka kidole kiume. Chagua kwanza vesheni yenye namba, iliyo sawa na unayotumia sasa, ndipo visanduku vitafunguka. Na usiondoke hapo kabla hujalinganisha tiki, maana ukihama kutoka native tiki za moduli nyingine nazo zinaweza kuwa tofauti na ulizokuwa nazo, piga skrinshoti kabla na baada. Kama cPanel yenu haina kabisa ukurasa huo, hostingi ndio wenye funguo, waandikie mstari mmoja tu: naomba mniwashie ekstensheni ya mbstring kwenye akaunti yangu, vesheni ya PHP ni hii. Usiwaambie risiti haifanyi kazi. Ukiwaambia risiti watakwambia muulize mwenye plagini, ukiwatajia moduli kwa jina lake hawana pa kukimbilia.

La kesho ndilo kubwa zaidi, kwa sababu shangazi atataka plagini nyingine. Kabla ya kuinstoli, fungua ukurasa wa plagini usome sehemu ya mahitaji, na usiridhike na WordPress kukwambia inafaa. WordPress inakagua vitu vitatu: vesheni yake yenyewe, vesheni ya PHP, na tangu vesheni 6.5 iliyotoka Aprili 2024 inakagua pia kama plagini hii inaitegemea plagini nyingine, mfano zile za malipo zinazotaka WooCommerce, plagini ya duka, iwepo kwanza. Mwandishi wa plagini anajaza mistari hiyo kichwani mwa faili lake, Requires at least, Requires PHP, Requires Plugins. Mstari wa kutaja moduli za PHP haupo. Hakuna. Kwa hiyo WordPress hata ikitaka kukuonya kuhusu mbstring haina pa kusomea, labda mwandishi mwenyewe awe mtu mwema aweke ukaguzi wake ndani, na wapo wanaoweka, ila usiwategemee.

Wengine wananiambia mie naangalia Site Health kwenye menyu ya Tools, iko kijani. Ni kitu kizuri, kilikuja na WordPress 5.2 mwaka 2019 na nakipenda, lakini pale WordPress inajiulizia moduli zake yenyewe, haijui plagini unayotaka kuleta kesho inakula nini. Kijani cha pale maana yake nyumba inawatosha waliomo.

Ukitaka kuona kila kilichowashwa, tengeneza faili dogo la mstari mmoja, lipe jina gumu kubahatisha linaloishia na .php, ndani andika <?php phpinfo(); (nukta mkato ya mwisho usiisahau), halafu lifungue kwenye brauza. Utaona ukurasa mrefu wa rangi ya zambarau, kila moduli iliyowashwa ina kichwa chake. Tafuta mbstring, tafuta gd, tafuta dom, ukimaliza ULIFUTE faili hilo dakika ile ile, maana linamwonyesha mpita njia mpaka njia za mafolda ya seva yako. Nimeshakuta tovuti ya watu ina info.php toka lini sijui, mlango wazi.

Na hila yangu moja ya bure. Plagini ukishaidaunilodi, usiipakie kwanza, ifungue zip yake kwenye laptopu uangalie kama kuna faili linaitwa composer.json. Si zote zinalo. Likiwepo lifungue kwa Notepad, tafuta neno require, chini yake utaona majina na namba, yale yanayoanza na ext- ndiyo moduli za PHP zinazodaiwa. Ukiona ext-mbstring, ext-gd, ext-dom basi hiyo ndiyo orodha yako ya sokoni, nenda nayo kwenye ule ukurasa wa zambarau ukaoanishe kimoja kimoja. Dakika tano.

Ikitokea tena tovuti imezima na hata kuingia huwezi, ile imeili iliyokuja huwa ina linki ya kukuingiza kwa njia ya dharura plagini mbovu ikiwa imesimamishwa. Na kama imeili ilikwenda kwa fundi wenu wa zamani (sijui kwa nini tovuti za watu huwa zina imeili ya fundi wa zamani) basi ingia File Manager ya cPanel, nenda wp-content, plugins, badilisha jina la folda ya hiyo plagini, ongeza hata herufi moja, WordPress ikiikosa itaizima yenyewe.

SWALI: Fundi mambo. Nimekodi VPS (seva ya kukodi ninayoisimamia mwenyewe) yenye Ubuntu 24.04, nafanya mazoezi ya kuweka tovuti za watu. Plagini inaleta Class "DOMDocument" not found. Nikafuata maelekezo, nikaandika php -m, amri ya kuorodhesha moduli, kwenye terminali, dom hiyo hapo naiona kwa macho yangu, lakini tovuti bado inasema hakuna. Seva inanidanganya? Kijana wa Chumbageni.

JIBU: Poa sana kijana. Seva haikudanganyi, umeuliza nyumba ya jirani.

Hili swali lina kidonda changu kwa hiyo nitalieleza taratibu. Kuna mwaka nilihamisha tovuti ya mteja mmoja wa vipuri, Ijumaa, nataka kuwahi sala, nikaingia terminali nikaandika php -m, nikaona gd, nikamwambia mteja kila kitu safi pakia bidhaa zako, nikafunga laptopu. Jumamosi asubuhi kanipigia, kapakia picha mia na kitu za bearingi na fani belti, zote ziko kubwa vile vile zilivyotoka kwenye simu, hakuna hata moja iliyokatwa vijipicha vidogo, na ukurasa wa duka unafunguka kwa kujikokota, bando la mtu linaisha kabla hajafika kwenye bei. Kumbe kwenye mashine ile zilikaa PHP mbili. Terminali inatumia moja, tovuti inahudumiwa na nyingine ya vesheni tofauti kupitia php-fpm, programu inayoiendeshea tovuti PHP, na gd niliyoiona ilikuwa ya ile ya terminali. Picha tulizirudia. Mteja alininunia wiki nzima, na haki yake.

Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni hili: plagini itaishi kwenye PHP ipi? Kwa Ubuntu hata vesheni ikiwa moja, mipangilio imegawanywa, ukienda /etc/php/8.3 utakuta folda ya cli, yaani ya terminali, na folda ya fpm, ya tovuti, kila moja na php.ini yake na conf.d yake. Moduli inaweza kuwashwa kwa cli tu ikaachwa kwa fpm. Ile phpinfo niliyomweleza dada wa Raskazone hapo juu, ifungue kwenye BRAUZA kupitia tovuti yenyewe, hiyo ndiyo inayosema ukweli wa tovuti. Juu kabisa soma vesheni, soma Server API, halafu mstari wa Loaded Configuration File, hapo utaona php.ini ipi ndiyo inayosomwa.

Nabahatisha kwako moja kati ya mawili. Ama tovuti inatumia vesheni nyingine uliyoiweka baadaye, ama moduli uliiweka ila fpm hukuizima na kuiwasha, kwa sababu fpm inasoma orodha yake inapoanza tu, ukiongeza kitu ikiwa macho haikioni. Andika sudo systemctl restart php8.3-fpm halafu ujaribu, namba ya vesheni ibadilishe ifanane na ya kwako.

Na kabla hujahangaika kutafuta kifurushi kinachoitwa php8.3-dom, nikuokolee nusu saa. Ubuntu inavifunga vitu kwa majina yake yenyewe, dom inakuja ndani ya php8.3-xml pamoja na ndugu zake simplexml na xmlreader na xmlwriter. Na mysqli iko ndani ya php8.3-mysql. Kwa hiyo jina linaloandikwa kwenye ujumbe wa hitilafu si lazima liwe jina la kuandika kwenye apt, ile amri ya kuwekea vifurushi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu huku Korogwe, shule yetu tuna Moodle, mfumo wa masomo wa kompyuta, kwenye kompyuta moja ya ofisi kwa kutumia XAMPP (kifurushi chenye PHP na seva ya Apache ndani yake), wanafunzi wanaingia kwa waya wa humu humu shuleni bila intaneti. Nimeletewa plagini ya mazoezi kwenye flashi, Moodle inaikataa kwenye ukurasa wa ukaguzi, inaonyesha namba nyekundu 2022112800. Hiyo namba ni ya nini, nimekosea wapi? Mwalimu.

JIBU: Marahaba mwalimu, ingawa wa kukuamkia ni mimi, waalimu ni wakubwa zetu.

Hujakosea kitu, na nakupa hongera kwa sababu umekutana na mfumo wenye adabu. Moodle inauliza kabla haijapokea, tofauti na huko nilikotoka kueleza. Ile namba isome kama tarehe: 2022, mwezi wa 11, tarehe 28, zile sifuri mbili za mwisho ni nyongeza. Ndiyo namba ya Moodle 4.1. Kila plagini ya Moodle ina faili linaitwa version.php, ndani yake kuna mstari wa requires unaosema mimi sikai kwenye Moodle iliyo chini ya namba hii, na inaweza kuwa na mstari wa dependencies unaotaja plagini nyingine inazozitegemea. Unaweza kulifungua hilo faili kwa Notepad kabla hujalipakia kokote.

Kwenye meseji yako ya pili umesema Moodle yenu ni 3.9, hiyo namba yake ni 2020061500, ya Juni 2020. Kwa hiyo plagini imezaliwa baada ya nyumba. Njia mbili. Ya kwanza na mie ndiyo ningeanza nayo: tafuta vesheni ya zamani ya plagini hiyo hiyo, kwenye maktaba ya plagini za Moodle kila plagini ina ukurasa wa Versions, mtu mwenye intaneti akuangalizie ile iliyotengenezwa kwa 3.9 akuletee kwenye flashi. Ya pili ni kupandisha Moodle yenyewe, na kutoka 3.9 kwenda 4.1 inawezekana kwa hatua moja, ila 4.1 inataka PHP isiyopungua 7.4, na XAMPP yenu kama ni ya siku nyingi nayo itabidi ibadilike, na katikati ya muhula sikushauri kabisa. Subiri likizo. Bakapu ya databesi na ya folda la moodledata, vyote viwili, ukibeba kimoja hujabeba kitu.

Ukifika huko, ndani ya Moodle kuna ukurasa wa Environment, uko Site administration upande wa Server, unachagua vesheni unayotaka kwenda nayo inakupigia hesabu hapo hapo, moduli ipi ipo, ipi haipo, ipi inapendekezwa tu. Ukitajiwa kwa mfano intl haijawashwa, kwenye XAMPP fungua C:\xampp\php\php.ini, tafuta mstari ;extension=intl, ile nukta mkato ya mwanzo ndiyo iliyoulaza, ifute, hifadhi, halafu zima Apache uiwashe tena. Kinukta kimoja kile kinawasumbua watu, nimeshaona mtu kafuta XAMPP nzima akainstoli upya mara tatu.

SWALI: Kaka, mimi napima mashamba ya mkonge na ya vijiji huku Handeni, natumia QGIS, programu ya ramani, kwenye Windows. Plagini niliyoambiwa ni nzuri ikifunguka inasema ModuleNotFoundError: No module named 'geopandas'. Nimeweka Python, nimefanya pip install geopandas, amri ya kuiweka hiyo moduli, imeandika imefanikiwa, QGIS bado inakataa. Mpimaji.

JIBU: Kaka, wewe na kijana wa Chumbageni mkae benchi moja, mmelogwa na mchawi yule yule.

QGIS ya Windows inakuja na Python yake mwenyewe ndani, haiitazami hata kidogo ile uliyoweka wewe. Pip yako ilipeleka geopandas kwenye Python ya mtaani, QGIS iko ndani kafunga mlango. Ingia menyu ya Start, kwenye folda la QGIS kuna kitu kinaitwa OSGeo4W Shell, kifungue hicho, mle ndani andika python -m pip install geopandas. Ikimaliza fungua QGIS, nenda Plugins, Python Console, andika import geopandas ubonyeze Enta. Ikinyamaza kimya bila kusema kitu, imekubali. Na hiyo Console ndiyo uitumie KABLA ya plagini siku nyingine, moduli zinazotakiwa huwa zimetajwa kwenye maelezo ya plagini, unazijaribu moja moja kwa import, inayolalamika ndiyo unayoidai.

Tahadhari ndogo: pip ikikwambia itabadilisha numpy, moduli ya mahesabu, simama kwanza usome, maana plagini nyingine zilizokuwa zinafanya kazi zinaikalia hiyo hiyo. Na ukija kuweka QGIS mpya kwa instola yake, inakuja na Python mpya, geopandas utaiweka upya. Iandike kwenye daftari la shambani nyuma.

SWALI: Fundi mie narekodi kasida na hotuba za harusi. Rekodi za simu ya wifi yangu zinakuja M4A, Audacity, programu yangu ya kuhariri sauti, haizifungui, inasema haina FFmpeg. Ninunue laptopu mpya? Dada wa Makorora.

JIBU: Usinunue dada, hela hiyo kalipie ukumbi. M4A Audacity haiifungui peke yake, inaazima maktaba ya nje inayoitwa FFmpeg, unaipakua bure ukifuata maelekezo ya Audacity wenyewe. Angalia tu Audacity yako ni ya biti 64 au 32, FFmpeg lazima ifanane nayo, 64 na 32 hazisemezani. Ukishaweka nenda Edit, Preferences, Libraries, hapo itakuandikia imeiona au haijaiona. Kama bado, bonyeza Locate uionyeshe ilipo.

SWALI: Bwana fundi, niliacha flashi kwako Jumanne, ina plagini ya duka ya kulipia ambayo rafiki yangu kaifungua, uniangalizie inahitaji moduli gani niombe hostingi waniwashie. Wa Barabara ya 8.

JIBU: Nimeiangalia bwana. Readme yake ni ya plagini nyingine kabisa, composer.json haina, na nilipofungua mafaili ya PHP nusu yake yamefichwa, yanaanza na maandishi ya kudai ionCube Loader halafu yanafuata madudu yasiyosomeka. ionCube ni moduli halali, makampuni yanaitumia kulinda kazi zao, tatizo si hiyo. Tatizo ni kwamba kitu kilichofungwa siwezi kukusomea kinataka nini kwenye seva, na hicho kimeshapita kwenye mikono ya mtu aliyekifungua akakifunga tena, hujui kaacha nini ndani, na hilo ni duka linaloshika namba za simu za wateja na malipo yao. Sikukipakia popote na sitakipakia. Plagini yenyewe WooCommerce ya bure inakutosha kuanzia, nimeshakuandikia moduli zake kwenye karatasi.

Flashi yako ipo droo ya pili, mwambie kijana akupe na karatasi hiyo. Ijumaa tunafunga saa sita.